Mapacha wa kiume na wa kike: kwa nini mashine inampa mmoja wiki nyingi kuliko mwenzie?

MshonaKofia_Mikindani

Assalaam alaykum wanajamvi, na wengine wote habari zenu. Mnivumilie, maelezo ni marefu.

Nina mimba ya mapacha. Nakaa Mikindani, kazi yangu ni kushona kofia za mkono, zile za vitobo. Jumatatu nilipanda bajaji mpaka Mtwara mjini kupiga altrasaundi kwenye kituo kimoja binafsi, kwa sababu muuguzi wa kliniki alitaka kujua watoto wamelalaje na wanakua vipi.

Fundi alinipaka jeli, akazungusha kile kipimio tumboni, akaniambia wa kiume yuko chini kulia, wa kike juu kushoto. Nilifurahi mpaka machozi, maana ndivyo nilivyokuwa nikiomba. Kisha akasema, macho yake yakiwa bado kwenye skrini, "Huyu wa kike yuko nyuma ya mwenzie kama wiki moja." Nikamuuliza anakuwaje nyuma na mimba iliingia siku moja? Akasema daktari wako atakueleza. Akachana karatasi, akanipa, akaita mwingine.

Karatasi ninayo hapa mbele yangu. Wa kiume: BPD 75, pembeni imeandikwa wiki 30 na siku 1. HC 274, wiki 29 na siku 6. FL 56, wiki 29 na siku 3. Uzito gramu 1,405. Wa kike: BPD 73, wiki 29 na siku 2. HC 268, wiki 29 na siku 1. FL 56 vilevile. Uzito gramu 1,352. Kwa hesabu ya kipimo changu cha kwanza, nilichopiga mimba ikiwa na wiki 12, Jumatatu hiyo nilikuwa na wiki 29 na siku 4.

Nimeulizia, nimeambiwa namba hizo ni milimita: BPD ni upana wa kichwa, FL ni urefu wa mfupa wa paja, na HC ni mzingo wa kichwa. Hapo ndipo usingizi uliponiruka. Vichwa ndiyo kazi yangu. Mteja akija nampitishia futi kamba juu kidogo ya nyusi, nazungusha mpaka kisogoni, na najua robo inchi tu inatosha kofia ikae juujuu kama kifuniko au ishuke masikioni. Robo inchi ni milimita sita na kitu. Kwa hiyo msiniambie milimita sita, 274 toa 268, ni kidogo, tena kwa kichwa ambacho hakijafika hata sentimita 28.

Nyumbani kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema wa kiume anamnyonya mwenzie chakula, nile mara mbili. Wifi anasema nipunguze kula, kichwa cha huyo wa kiume kisije kikanikwamisha wakati wa kujifungua. Na shemeji yangu, Ijumaa baada ya swala, kasema amesoma kwenye simu kwamba ubongo wa mtoto wa kiume unakuwa mkubwa tangu tumboni, ndiyo maana wanaume wana akili zaidi. Alisema hayo binti yangu wa darasa la sita akiwa hapo mlangoni anakuna nazi. Nikasikia mbuzi imenyamaza.

Naomba anayejua kweli anijibu. Binti yangu wa tumboni ana tatizo? Na hayo ya ubongo ni kweli?

Baba Zuhura, Newala

Dada, pole. Mimi si mtaalamu ila naomba nikuambie yaliyotupata, huenda yakakusaidia kushikilia tarehe zako.

Mwaka ule mke wangu alichelewa kuanza kliniki. Ulikuwa msimu wa korosho, tulikuwa shambani tunaokota na kubangua, na tarehe ya hedhi ya mwisho alikuwa anaikumbuka kwa kuhesabu siku za mnada. Altrasaundi ya kwanza alipiga mimba ikiwa kubwa tayari. Wakasema kichwa kidogo, kwa hiyo mimba ni changa kuliko anavyodhani, wakasogeza tarehe ya matazamio mbele kwa siku kumi. Mke wangu akasema hapana, mimi najua siku zangu. Hakusikilizwa. Nami nilikaa upande wa mashine, jambo ambalo linaniuma hadi leo.

Zuhura alizaliwa maji yakiwa ya kijani, kucha zimepita ncha za vidole, ngozi ya viganja inababuka kama mtu aliyekaa baharini kutwa. Mkunga alimtazama akasema huyu amepitiliza siku zake. Alhamdulillahi yu mzima. Lakini dada, kama una kipimo cha wiki 12, kishike kwa mikono miwili.

Mzee wa Picha, Lindi

Mwanangu wa Mikindani, nimestaafu baada ya miaka mingi kwenye chumba cha picha huku Lindi. Karatasi kama hiyo nimeziandika mpaka vidole vimezoea. Nakujibu kwa urefu kwa sababu ulistahili kujibiwa palepale kitandani, jeli ikiwa bado tumboni.

Kwanza elewa mashine ilifanya nini. Fundi anakitafuta kichwa, anakikata kwa picha kama unavyokata tikiti, juu kidogo ya masikio, mpaka auone mstari mweupe wa kati unaogawa ubongo kulia na kushoto, na kandokando yake vivuli viwili kama nusu mbili za kokwa. Vile ni thalamasi, sehemu za katikati ya ubongo. Akiviona anagandisha picha. Anaweka alama ya msalaba kwenye ukingo wa nje wa fuvu upande mmoja, na nyingine kwenye ukingo wa ndani upande wa pili: hiyo ndiyo BPD, upana wa kichwa. Kisha anachora duara la umbo la yai kufuata fuvu kwa nje, anapata HC. Mpaka hapo mashine ina milimita tu mkononi. Umri wa mimba haiujui. Inaufuata kwenye jedwali lililowekwa ndani yake: mzingo wa 274, kwa kawaida ni wa wiki ngapi? Mashine nyingi zina jedwali la Hadlock, daktari wa Houston, Texas, aliyelichapisha miaka ya 1980 kwa vipimo vya wajawazito wa kwao. Jedwali hilo ni moja. Wa kiume na wa kike wamechanganywa humo.

Sasa tazama kinachotokea. Kuanzia katikati ya mimba, watoto wa kiume kwa wastani wana vichwa vikubwa kidogo kuliko wa kike wa umri uleule. Upana unazidi kwa milimita moja au mbili, mzingo kwa milimita chache zaidi ya hapo. Mfupa wa paja hauna tofauti ya namna hiyo, na karatasi yako inasema hivyohivyo: FL 56 na 56. Hili si jambo la fundi mmoja wala hospitali moja. Shirika la Afya Duniani lilipotoa chati zake za ukuaji wa mtoto tumboni mwaka 2017, kwa akina mama wa nchi kumi, Kongo ya Kinshasa na Misri zikiwemo, tofauti ya jinsia ilionekana. Wale wa INTERGROWTH-21st, mradi wa kimataifa wa kupima ukuaji wa watoto, walipima sehemu nane duniani, Nairobi ikiwa mojawapo. Kwa walio tumboni wakatoa jedwali moja, lakini kwa waliozaliwa wakatenganisha la wavulana na la wasichana.

Na wewe unayejua futi kamba, chukua hii. Kwenye viwango vya Shirika la Afya Duniani vya ukuaji wa watoto, siku ya kuzaliwa mvulana wa katikati ana mzingo wa sentimita 34.5, msichana 33.9. Toa. Ni milimita sita, zilezile zilizokunyima usingizi. Kwako wewe mteja hupimwa dhidi ya kofia yake mwenyewe. Hapa binti yako alipimwa dhidi ya kofia iliyoshonwa kwa wastani wa vichwa vya wote, ikaonekana inampwaya, na kwa kaka yake ikaonekana inabana.

Kwa hiyo hakuna aliye nyuma. Wote wawili wana wiki 29 na siku 4, kwa sababu kipimo cha wiki 12 ndicho kinachotawala. Wakati ule mtoto hupimwa urefu kutoka utosini mpaka makalioni, na kosa lake ni kama siku tano hadi saba. Baada ya wiki 28 kosa linaweza kufika wiki mbili mpaka tatu, kwa sababu kila mtoto ameshaanza kuchukua umbo la kwao. Mtu yeyote akitaka kufuta tarehe yako ya kwanza kwa karatasi hii, mwambie kwa adabu kwamba hapana.

Baba Zuhura, ya binti yako siwezi kuyahukumu bila kuona karatasi, lakini njia hiyo inajulikana. Watafiti wa Uswidi, ambako tarehe za kujifungua zilikuwa zikikadiriwa kwa upana wa kichwa katikati ya mimba, walionyesha kwamba watoto wa kike hupunguziwa umri kwa namna hii. Mtoto akipunguziwa siku kwenye karatasi, anapitiliza tumboni bila mtu kushtuka. Ndiyo maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apige altrasaundi moja kabla ya wiki 24. Mke wako alijua siku zake, na siku za mama ni kipimo pia.

La mama mkwe. Kunyonyana kupo, hakulitoa hewani. Kunatokea kwa mapacha wanaofanana wanaoshiriki kondo moja, damu ikapita kwenye mishipa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Wako ni wa kiume na wa kike, maana yake mayai mawili, na kila mmoja ana kondo lake hata kama kwenye picha yanaonekana yameshikana. Kaka hawezi kufikia sahani ya dada.

La wifi ndilo linalonitia hofu, na nakuomba usilifuate. Kula kidogo hakupunguzi kichwa. Mtoto akipungukiwa chakula au damu kwenye kondo, mwili wake huukinga ubongo kwanza. Kinachopungua mapema ni tumbo, kwa sababu ini linatumia akiba yake. Kichwa hubaki, mwili ukakonda. Kwa hiyo ukitaka kujua kama binti yako anakosa kitu, usitazame kichwa peke yake. Kuna namba ya AC, yaani mzingo wa tumbo, kwenye karatasi hiyo, hukuiandika. Nitumie.

MamaKurwa_Nachingwea

Dada yangu, nina Kurwa wa kike na Doto wa kiume, wapo darasa la nne sasa. Siku waliyozaliwa mkunga aliwapima vichwa mbele yangu: Kurwa 33, Doto 34 kamili. Aliyetoka kwanza ni huyo mwenye 33, akafungua njia, na mwenye kichwa kikubwa akafuata baada ya dakika kama kumi na tano bila taabu yoyote. Mimi nilikula vizuri mpaka siku ya mwisho, samaki, mbaazi, mboga za majani, na vidonge vya kuongeza damu sikuacha hata kimoja. Kula mwenzangu.

MshonaKofia_Mikindani

Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma jibu lako mara tatu, mara ya tatu nikamsomea mama mkwe kwa sauti. Alinyamaza, kisha akasema basi na ale tu. Nimeshukuru.

AC ni 252 kwa wa kiume, 248 kwa wa kike.

Bado lile la shemeji. Hujaligusa, na ndilo linaloniuma kuliko yote. Binti yangu hajaniuliza kitu, ila tangu Ijumaa daftari la hesabu halitoi mpaka shemeji aondoke. Huyu ni mtoto anayenihesabia oda zangu za kofia.

Mzee wa Picha, Lindi

Marahaba mwanangu.

AC hizo ni nzuri, zote ziko kwenye wiki zao. Uzito pia: tofauti ni gramu 53, haifiki hata asilimia nne. Kwa mapacha, madaktari huanza kufuatilia kwa karibu tofauti inapofika asilimia 20 na kuendelea. Unachohitaji ni kipimo kingine baada ya wiki tatu, ikiwezekana kwa fundi yuleyule na mashine ileile. Namba moja ni kama kibanzi kinachoelea. Kikitazamwa mara moja tu hujui kama maji yanajaa au yanakupwa. Na ujue fundi huyohuyo akipima kichwa hichohicho mara tatu, mtoto akiwa anageukageuka, atapata namba tatu.

Lile la shemeji niliacha kwa makusudi, nilitaka nilijibu peke yake.

Nusu ya kwanza ya maneno yake ni kweli. Fuvu la mtoto hukua kwa sababu ubongo unalisukuma kwa ndani, kwa hiyo kichwa kikubwa kidogo maana yake ni ubongo mkubwa kidogo. Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Korodani za mtoto wa kiume huanza kutoa testosteroni, homoni ya kiume, mapema sana, mwishoni mwa mwezi wa pili wa umri wake. Kromosomu zenyewe ni tofauti. Hata kondo la mtoto wa kiume halifanyi kazi sawasawa na la wa kike. Na si kichwa tu: wavulana kwa wastani huzaliwa na uzito mkubwa zaidi kidogo pia.

Ndiyo maana fundi mzuri hukumbuka jinsia anaposoma picha. Nitakupa mfano. Ndani ya ubongo kuna vyumba vya maji, tunavipima upana, na vinatakiwa viwe chini ya milimita 10. Kwa wavulana huwa vipana kidogo kuliko kwa wasichana. Nimewaona akina mama wakitoka chumbani wanalia kwa sababu ya sehemu ya milimita kwa mtoto wa kiume ambaye kila kitu kingine kilikuwa salama. Na upande wa pili, msichana mwenye kichwa kidogo cha kawaida anaweza kuandikwa ana upungufu wa ukuaji.

Nusu ya pili ya maneno ya shemeji ndiyo isiyosimama. Viwango vile vya Shirika la Afya Duniani vinasema mvulana mzima anaweza kuzaliwa na mzingo kuanzia kama sentimita 32 mpaka 37, na msichana kuanzia 31.5 mpaka kama 36. Ona jinsi wanavyolaliana. Tofauti ya mvulana na mvulana mwenzie ni sentimita tano. Ya wastani wa jinsia mbili ni milimita sita. Ukinipa kichwa kimoja kwenye skrini bila kunionyesha kwingine, siwezi kukuambia ni wa kike au wa kiume. Kwa watu wazima ubongo wa mwanamume kwa wastani ni mzito kwa kama asilimia 10, na majaribio ya akili kwa wastani hayajaonyesha jinsia moja kuizidi nyingine. Wewe umeshona kofia za masharifu na za wavuvi wa Mikindani. Futi kamba yako imewahi kukuambia yupi anajua kusoma?

Tena huo ubongo tunaoupima ni wa mwanzo kabisa. Kwenye wiki ya 20 uso wake ni laini karibu kama yai lililomenywa. Sasa hivi, wiki ya 30, mikunjo ndiyo inaingia, ukimpata mtoto amelala vizuri unaiona ikichimba. Atazaliwa una gramu 350 mpaka 400, na akiwa mtu mzima utakuwa na kama 1,300. Sehemu kubwa ya kazi inafanyika nje, mbele yenu, mkizungumza naye na kumlisha.

Mpe binti yako simu asome mwenyewe hapa.

Baba Zuhura, Newala

Mzee, umenipa kitu leo. Nimemwita mke wangu nikamsomea pale uliposema siku za mama ni kipimo. Nilikuwa sijawahi kumwomba radhi.

MshonaKofia_Mikindani

Wanajamvi, narudi na majibu. Wiki tatu zimetimia, jana nilikuwa na wiki 32 na siku 4. Nilirudi palepale, na nilimwomba fundi yuleyule. Safari hii nilikwenda na binti yangu. Nilimwomba fundi anionyeshe ule mstari mweupe wa kati, akanigeuzia skrini. Mzee, ni kama ulivyosema, zile nusu mbili za kokwa. Binti aliziona kabla yangu.

HC ya wa kiume sasa ni 298, mashine inasema wiki 33. Ya wa kike 291, wiki 32 na siku 1. Tukiwa kwenye bajaji tunarudi, binti alitoa kalamu, akaweka karatasi ya zamani na mpya gotini akatoa nyuma yake: 298 toa 274, akaandika 24, 291 toa 268, akaandika 23. Akaniambia, "Mama, kwa wiki tatu wamepishana milimita moja." Karatasi hiyo ameibandika ukutani, juu ya cherehani.

Muuguzi wa kliniki ameandika tarehe ya kipimo cha kwanza kwenye kadi kwa wino mwekundu, kaiwekea mstari chini. Kwa kuwa ni mapacha, nikifika wiki 36 natakiwa nihamie mjini kwa dada yangu, Chuno, niwe karibu na hospitali ya rufaa. Mama mkwe ndiye atakayenisindikiza. Vikofia viwili vya uzi viko tayari, vyote nimevianza kwa ukingo wa sentimita 34. Uzi unavutika.